Majina mengi, baba wachache: jua moteri yako kabla hawajakukata feza

Simama nusu saa kando ya balabala ya Nationale 2, hapa Kalehe, uangalie motokari zinazopita kati ya Bukavu na Goma. Utaona Noah, Hiace, RAV4, Prado, Land Cruiser za mashirika, Dyna imejaa mbao, Fuso imejaa mifuko, na Vitz ndogo ambayo haikuzaliwa kwa ajili ya balabala ya namna hii. Utasema majina ni mengi kabisa. Lakini fungua kapo, angalia ndani, usome namba zilizoandikwa pale. Utaona kwamba majina njo mengi, baba wenyewe ni wachache.

Kuko ndugu atakayeuliza: sisi tunachimba kasiterite na koltani, mambo ya Toyota na Lexus yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa mfuko. Desturi ya mashimo mengi tunaijua wote. Kabla ya kugawa, PDG wa shimo anatoa kwanza gharama zake: chakula, mbao za kushikilia ukuta, esanse ya moto-pompe, na piesi zilizonunuliwa Bukavu au Goma. Kile kinachobaki njo kinagawanywa. Kwa hiyo kila dola inayoandikwa kwenye daftari juu ya piesi inatoka kwenye sehemu ya mchimbaji, na inatoka kwenye sahani ya watoto wake.

Tuseme piesi imenunuliwa dola 20, na daftari linasema dola 60 sababu «ilikuwa orizinali». Ile 40 ya katikati, nani ameilipa? Timu ya watu 15 njo imeilipa, na hakuna hata mmoja aliyejua aulize nini. Mtu asiyejua jina la kweli la moteri hawezi kuuliza. Anaambiwa tu: «Mukubwa, hii ni ya Toyota, ile ingine ni Shinwa tupu,» naye anakubali kwa kichwa. Leo tuzungumze namna familia za motokari na za moteri zinavyofanya kazi, ili siku ya kugawa mtu asikubali kwa kichwa tu.

Familia ya Toyota

Tuanze na ile tunayoiona zaidi. Kampuni ya Toyota ilizaliwa Japani mwaka 1937. Mwaka 1966 ikaanza ushirikiano na Hino, watengenezaji wa malori, na mwaka 1967 na Daihatsu, watengenezaji wa motokari ndogo. Mwaka 1998 ikachukua zaidi ya nusu ya hisa za Daihatsu, yaani aksio. Mwaka 2001 ikafanya vilevile kwa Hino. Mwaka 2016 Daihatsu yote ikawa yake. Na katikati, mwaka 1989, Toyota yenyewe ilikuwa imeanzisha jina lingine, Lexus, kwa kuuzia watu wa Marekani wenye feza nyingi.

Sasa angalia matokeo yake balabalani. Toyota Cami, ile ndogo yenye umbo la jeep, ni Daihatsu Terios yenye jina lingine. Toyota Rush iliyokuja nyuma yake, vilevile Daihatsu njo mwenye kuitengeneza. Toyota Passo ni Daihatsu Boon. Toyota Dyna na Hino Dutro, tangu 1999, ni mapacha: kabini moja, shasi moja, na moteri ya Hino inayoitwa N04C utaikuta ndani ya Dyna na hata ndani ya basi ya Toyota Coaster. Kwa upande wa matajiri, Lexus RX 300 ni Toyota Harrier, Lexus LX 470 ni Land Cruiser 100, na Lexus GX 470 imejengwa juu ya shasi ya Prado. Mtu anayeuza piesi ya chini ya Lexus GX kwa bei ya kuogopesha, mara nyingi anauza piesi ya Prado iliyovaa koti.

Hata ndani ya jina moja la Toyota, moteri moja inazunguka kwenye motokari nyingi. Ile 1NZ-FE ya litre 1.5 iko ndani ya Probox, Ist, Raum, RunX na Vitz kadhaa. Ile 1HZ, dizeli ya silinda 6 na litre 4.2 iliyoanza mwaka 1990, iko ndani ya Land Cruiser za kazi ngumu na ndani ya Coaster. Dizeli za 2L, 3L na 5L zimetembea ndani ya Hiace na Hilux.

Hapa kuko kosa moja ambalo watu wengi wanalirudilia. Wanafikiri 3L maana yake litre 3. Hapana. 2L ni karibu litre 2.4, 3L ni karibu litre 2.8, na ile 5L njo karibu litre 3. Tarakimu ya mbele inasema ni mtoto wa ngapi katika ukoo wa moteri ule. Herufi zinazofuata njo jina la ukoo. Na zile za nyuma ya mstari mdogo zinasema tabia yake: T ni turbo, E ni injeksio ya umeme. Kwa hiyo 3C-T ni mtoto wa tatu wa ukoo wa C, naye ana turbo. Ukiijua hesabu hii ndogo, fundi hawezi kukuuzia piesi ya 3C ya kawaida kwa moteri yenye turbo, halafu baadaye akasema ni wewe uliyeiendesha vibaya.

Sababu gani wanafanya hivyo?

Kutengeneza moteri mpya tangu karatasi mpaka kiwandani kunakula miaka mingi na feza ambazo hata kampuni kubwa inaziogopa. Ukiitia moteri hiyo kwa aina moja ya motokari, kila motokari inabeba gharama kubwa. Ukiitia kwa aina kumi, gharama inagawanyika. Piesi nazo zinatengenezwa kwa wingi, na bei ya kila moja inashuka. Ni akili ya kawaida, hata mama anayepika mikate anaijua: unga wa mfuko mzima una bei nzuri kuliko unga wa kilo moja moja.

Shida inaingia wakati kampuni inauza majina kwa bei mbalimbali, na ndani chuma ni kilekile. Mfano mkubwa ulitoka Marekani. Kampuni ya General Motors, tangu miaka ya 1920, ilipanga majina yake kama ngazi: Chevrolet chini kwa wenye feza kidogo, kisha Pontiac, Oldsmobile, Buick, na Cadillac juu kabisa. Mtu akipata kazi nzuri zaidi, anapanda ngazi. Watu wa Oldsmobile walijivunia sana moteri yao, na matangazo yaliisifu. Mwaka 1977 mnunuzi mmoja wa jimbo la Illinois akapeleka Oldsmobile yake mpya kufanyiwa kazi ndogo, na piesi za Oldsmobile zikakataa kuingia. Sababu? Ndani walikuwa wametia moteri ya Chevrolet, na hakuna aliyemwambia.

Angalieni vizuri nini ilifuata. Mtu yule hakunyamaza. Akalalamika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, wanunuzi wengine wakajitokeza, na majimbo mengi yakaingia katika kesi. Mwishowe General Motors ikakubali kuwapa wanunuzi dola 200 kila mmoja pamoja na garanti ndefu zaidi. Ile moteri ya Chevrolet haikuwa mbaya, hiyo tuseme wazi. Watu walikasirika sababu walilipa jina moja na wakapewa chuma cha jina lingine bila kuambiwa. Na kitu kilichofungua macho yao ni piesi ndogo tu iliyokataa kuingia.

Jina moja, baba wawili

Kinyume chake pia kipo, nacho kinapoteza feza za watu wengi. Majina mawili yanaweza kufanana wakati baba ni mbalimbali.

Chukua Fuso. Sisi tunaita karibu kila lori la ukubwa ule «Fuso», na wengi wanaamini kwamba ni nyumba moja na ile Mitsubishi Pajero. Ilikuwa hivyo zamani. Mwaka 2003 malori ya Mitsubishi Fuso yalitengwa na motokari ndogo, na mwaka 2005 Wajerumani wa Daimler, wale wa Mercedes, wakachukua sehemu kubwa. Ile Mitsubishi ya motokari ndogo, mwaka 2016 ikaingia upande wa Nissan na Renault, ambao walikuwa pamoja tangu 1999. Leo Fuso na Pajero wanabeba jina la ukoo mmoja, lakini kila mtu analala kwake.

Nissan Diesel ni vilevile. Malori yale, ambayo jina lake lingine ni UD, yalinunuliwa na Volvo ya Sweden mwaka 2007, na mwaka 2021 yakaenda kwa Isuzu. Mtu akikuambia «piesi ya Nissan ni ya Nissan», muulize: Nissan gani? Na Volvo yenyewe: ile ya malori na ile ya motokari ndogo ziliachana mwaka 1999. Ile ya motokari ndogo ikanunuliwa na Ford, kisha mwaka 2010 na Wachina wa Geely. Ile ya malori ilibaki kivyake.

Land Rover nayo imebadilisha baba kama mtoto wa kulelewa: kutoka kwa Waingereza ikaenda kwa BMW mwaka 1994, kwa Ford mwaka 2000, kisha kwa Tata ya India mwaka 2008. Kila baba alimwachia kitu mwilini. Land Rover Defender za mwaka 2007 zina moteri ya Ford Transit, ile kamyoneti ya kupeleka mizigo mijini kule Ulaya. Kwa hiyo usinunue piesi ya Land Rover bila kuuliza mwaka wake. Mwaka njo unaokuambia baba alikuwa nani siku ile.

Ugonjwa wa familia

Kuwa na damu moja kuna faida: piesi zinapatikana kila mahali, na fundi aliyejua mmoja anajua wote. Lakini damu moja inaleta pia ugonjwa mmoja.

Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen ilitia programu ya udanganyifu ndani ya moteri zake za dizeli, ili zionyeshe moshi kidogo wakati wa kupimwa tu. Moteri ile haikuwa ndani ya Volkswagen peke yake. Audi, Škoda na Seat, watoto wa nyumba moja, wote walikuwa nayo. Jumla ilikuwa karibu motokari milioni 11 duniani.

Desemba 2023 ikawa zamu ya Daihatsu. Wachunguzi walikuta kwamba kwa miaka mingi ilidanganya katika majaribio ya usalama. Motokari za aina 64 ziliguswa, na kati yake kulikuwa nyingine zilizouzwa kwa jina la Toyota, la Mazda na la Subaru. Mtu alinunua Toyota akijua ni Toyota, kumbe karatasi ya usalama ilisainiwa na jirani. Hino nayo, mwaka 2022, ilikubali kwamba ilibadilisha namba za majaribio ya moteri zake.

Na kuko ile ya Takata, inayotugusa sisi tunaonunua motokari zilizotumika kutoka Japani na Dubai. Takata ilitengeneza mifuko ya hewa ya usalama kwa Toyota, Honda, Nissan, BMW na wengine wengi. Unga wa ndani ukikaa miaka kwenye joto na unyevu unaharibika. Siku ya ajali, mfuko unapasuka kama gurnedi na kurusha vipande vya chuma usoni. Watu walikufa, makumi ya milioni ya motokari yakaitwa kurudi gereji, na mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Corolla na Vitz kadhaa za miaka ile zimo. Kwa hiyo koperative ikitaka kununua motokari ya kupeleka watu, isiulize rangi na redio tu. Iulize kama ule mfuko wa hewa ulibadilishwa, na karatasi iko wapi.

Shimoni: ndugu wa damu na wale wanaofanana sura

Sasa tuteremke mpaka kwenye mashine inayotukata feza zaidi kuliko motokari: moto-pompe. Mvua ikinyesha, maji yakajaa, bila pompe hakuna kazi. Na PDG anajua kwamba siku ile hakuna atakayebishana juu ya bei.

Nyingi za pompe hizi ndogo za esanse, hata ziwe na rangi nyekundu, njano au buluu, hata ziandikwe jina gani, zina moteri ya umbo moja. Umbo lile lilitoka kwa Honda, kwenye ukoo wa GX ulioanza mwaka 1983. Viwanda vingi vya China viliiga. Hapa si ndugu wa baba mmoja tena, ni watu wanaofanana sura tu. Lakini wanafanana mpaka mifupa, na hiyo inatusaidia.

Soma namba. Kwenye hizo za China mara nyingi utakuta 168F. Maana yake ni rahisi: 1 ni silinda moja, 68 ni upana wa silinda kwa milimita. Honda GX160 nayo ina silinda moja ya milimita 68. Ukikuta 188F, ni silinda ya milimita 88, kama Honda GX390. Hata zile dizeli za mashine za kusaga mihogo huko vijijini zinasoma hivyohivyo: S195 ni silinda moja ya milimita 95. Mama mwenye mashine anaweza kusoma mwenyewe, hakuna haja ya shule ya ufundi.

Kwa hiyo karburateri, buji, segma na joint za 168F zinapatikana kwa wauzaji wengi, chini ya majina mengi. Huwezi kulazimishwa kununua kwa mmoja tu. Lakini angalisho: kuko moteri za upana ule wa 68 ambazo mwendo wa pistoni ni milimita 45, na nyingine ni milimita 54. Vilbrekini yake si moja. Peleka piesi ya zamani dukani, upime mbele ya muuzaji.

Kwa motari wetu, neno fupi. Bajaj na TVS zote ni za India, lakini ni baba wawili. Bajaj ilikua kwa ufundi wa Kawasaki, TVS ilikuwa na Suzuki mpaka 2001. Piesi za mmoja usizisukume kwa mwingine. Pikipiki nyingi za China, zile za majina yanayobadilika kila mwaka, ni watoto wa Honda CG125 ya mwaka 1976, na kati yao piesi nyingi za moteri zinabadilishana.

Na jambo moja ambalo halihusu bei. Moteri ya esanse, iwe ya Honda ya kweli au ya kuiga, haiteremki ndani ya shimo. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua watu kimyakimya, wakiwemo wale wanaoteremka kuokoa wenzao. Moteri ikae juu, na moshi upelekwe mbali na mlango. Kama tiyo ni fupi, nunueni tiyo ndefu zaidi.

Kartoni tatu za piesi moja

Turudi dukani. Piesi moja inaweza kukutokea katika kartoni tatu.

Ya kwanza ni kartoni ya jina la motokari, Toyota kwa mfano. Ya pili ni kartoni ya yule aliyeitengeneza kweli. Toyota haitengenezi kila kitu: vitu vingi vya umeme vinatoka kwa Denso, amortiseri nyingi zinatoka kwa KYB. Hao wanauza pia kwa jina lao wenyewe, na mara nyingi kwa bei ya chini, chuma ni kilekile. Ya tatu ni ya kuiga. Ndani ya hizo za kuiga kuko zinazofaa, na kuko za kukuua. Buji ya kuiga ikikosa, pompe inasimama. Plaketi ya freni ya kuiga ikikosa, watu 20 juu ya Dyna wanaenda ziwani. Kwa freni, direksio na pine, usitafute bei ya chini. Kwa filtre na mikanda, tafuta kwa akili.

Na usisahau: moteri moja haina maana mwili ni mmoja. Motokari mbili zinaweza kushirikiana moteri, lakini moja ni nzito na nyingine ni nyepesi, na freni zake ni tofauti. Kila piesi ina namba yake. Za Toyota zina tarakimu na herufi 10, 5 kwanza, mstari mdogo, halafu 5. Namba ile njo inayoamua, jina la kartoni linafuata nyuma.

Sisi wachimbaji hiyo haitushangazi. Mfuko wa kasiterite ukifika kwenye kituo cha kununua, hakuna anayeuliza mfuko una rangi gani. Wanasoma etiketi. Namba ya etiketi njo inayosema mfuko umetoka shimo gani. Tuifanye hivyo hata sisi tukinunua.

Mambo matano ya kudai

Haya tunaweza kuyadai kwa kila shimo na kila koperative, bila ugomvi.

Kwanza, namba ya moteri ya kila mashine iandikwe mwanzoni mwa daftari, wazi kwa wote. Kwa motokari za Japani kuko kibati ndani ya kapo chenye neno ENGINE, na mbele yake jina la moteri.

Pili, piesi inunuliwe na watu wawili: mmoja wa PDG, mmoja aliyechaguliwa na timu.

Tatu, fakture iandike namba ya piesi pamoja na bei. Fakture inayosema tu «piesi za moteri» irudishwe.

Nne, piesi ya zamani irudi shimoni, watu waione. Kama hakuna ya zamani, basi labda hakuna ya mpya pia.

Tano, bei iulizwe kwa wauzaji watatu. Siku hizi mtu akiwa na simu, picha ya namba inafika Kadutu ndani ya dakika moja.

PDG mwaminifu hataogopa hata moja kati ya hayo. Wako wengi waaminifu, na hao wanapata faida: timu inayoona hesabu haiibi usiku.

Na sisi tumo ndani

Limebaki jambo moja. Bati linalotoka kwenye kasiterite yetu ndilo linalounganisha nyaya na vipande vidogo vya umeme ndani ya kila motokari mpya. Tantale inayotoka kwenye koltani iko ndani ya vikondensateri vidogo vinavyosaidia kompyuta ya freni na ya mifuko ya hewa. Toyota, Lexus, Volkswagen, Land Rover: bila madini ya namna hii hakuna inayotoka kiwandani.

Wazee wa Nyabibwe wanakumbuka Oktoba 2012, wakati mifuko ya Kalimbi ilianza kutoka na etiketi, kwa mpango uliosukumwa na serikali ya Uholanzi. Kati ya makampuni yaliyoingia kulikuwa Philips, Motorola Solutions, kiwanda cha kuyeyusha cha Malaysia Smelting Corporation, na Tata Steel. Tata hiyo ni nyumba moja na Tata Motors, baba wa Land Rover. Na kabla ya hapo tunakumbuka wote Septemba 2010, serikali iliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Mwaka ule sheria ya Marekani ilikuwa imetoka, na wanunuzi wakubwa wakarudi nyuma karibu wote pamoja. Majina yao yalikuwa mengi, lakini waliofunga mlango walikuwa wachache, na Kalehe ikalala njaa.

Baba wachache wanajua kukaa pamoja, kushirikiana moteri, kugawa gharama na kuuza kwa majina kumi. Wamefanya hivyo miaka mingi, nao wamepata faida. Sisi tuna majina mengi pia: shimo hili, shimo lile, koperative hii, koperative ile, wa Numbi, wa Nyabibwe. Pompe zetu karibu zote ni 168F. Kama mashimo kumi yananunua piesi zilezile, kwa nini kila moja linaenda Bukavu peke yake, na kulipa bei ya mtu aliye peke yake? Tuanze na hapo. Mashimo matatu yakae pamoja, yaandike namba za moteri zao kwenye karatasi moja, yanunue mara moja. Halafu siku ya kugawa, kila mtu ahesabu kilichobaki.